Mwongozo Kamili wa Kutenga Patisheni za Diski Unaposakinisha Linux Mint

Wengi wanaoniomba msaada wa Linux hukwama mahali pale pale. Husakinisha mfumo vizuri, huutumia mwaka mzima, kisha siku unapoharibika hugundua kwamba kusakinisha upya kutakifuta kila kitu, kwa kuwa mfumo na mafaili yao vimekaa katika patisheni moja, yaani kipande kimoja cha diski. Wengine walitenga patisheni tangu mwanzo, lakini ile ya mfumo wakaipa GB 20 tu, nayo ikajaa kabla mwaka haujaisha. Wapo pia ambao nawaonea uchungu zaidi: walitenga kila kitu sawasawa, halafu siku ya kusakinisha upya wakaweka tiki moja mahali pasipostahili, na picha za miaka sita zikapotea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya makundi yote matatu. Nimetumia Linux Mint 22 ya Cinnamon kwenye kompyuta mpakato yenye diski ya SSD ya GB 256 na RAM ya GB 8, kwa sababu ndiyo hali ninayokutana nayo mara nyingi. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye kioo, ili usihangaike kuyatafuta.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya angalau GB 4. Mint 22 hukubali hata GB 2, lakini utaisikia ikilemewa. Diski iwe na nafasi ya GB 100 au zaidi.
- Flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu unachokihitaji, kwani itafutwa yote.
- Flashi nyingine au diski ya nje ya kuwekea nakala za mafaili yako.
- Faili la ISO la Linux Mint, yaani faili moja lenye mfumo wote wa kusakinisha, pamoja na faili la sha256sum.txt linalotolewa nalo kwa ajili ya kulithibitisha.
- Chaja, na betri iliyojaa. Kwa kompyuta ya mezani, tafuta UPS. Umeme ukikatika wakati jedwali la patisheni, yaani orodha ya mipaka yake, linaandikwa, unaweza kubaki na diski isiyosomeka.
- Karatasi na kalamu. Hivi ni vya lazima, na sababu yake utaiona katika hatua ya tano.
- Saa mbili zisizo na haraka.

## Hatua ya 1: Weka nakala za mafaili yako nje ya kompyuta

Nakili nyaraka, picha, na kila kitu usichoweza kukipata tena, ukiweke kwenye diski ya nje. Ukimaliza, chomoa diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, kisha fungua mafaili matatu au manne uone kama yanasomeka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee.

Onyo moja ambalo watu hulisahau: patisheni ya pembeni haichukui nafasi ya nakala ya akiba. Diski ikifa, patisheni zote zilizomo hufa nayo siku hiyo hiyo. Kutenga /home, yaani folda ya mafaili yako, kunakuokoa mfumo unapoharibika, na hakukusaidii lolote kompyuta ikiibiwa au ikimwagikiwa chai.

## Hatua ya 2: Kama Windows inabaki, iandae ukiwa ndani yake

Anayeifuta Windows aruke hatua hii. Anayeibakisha asiiruke hata kidogo, kwa sababu nafasi ya Linux inapaswa kupunguzwa kutoka Windows kwa kutumia zana za Windows yenyewe, ambazo zinajua mafaili yake yamekaa wapi.

Kwanza angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wa Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status`, kisha usome majibu. Ikiwa imefungwa, andika ufunguo wake wa kurejesha mahali salama nje ya kompyuta hiyo kabla ya kugusa chochote. Mabadiliko katika mpangilio wa kuwasha kompyuta yanaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo, na asiyekuwa nao hana njia nyingine.

Pili, katika dirisha lile lile andika `powercfg /h off`. Amri hii huzima uwashaji wa haraka, ambao huacha diski ya Windows ikiwa nusu imelala na nusu iko macho. Linux ikiandika juu ya diski iliyo katika hali hiyo, mafaili yanaweza kuharibika.

Tatu, fungua Disk Management, bofya C: kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Shrink Volume", kisha uandike kiasi unachotaka kukitoa. Nafasi iliyopatikana itaonekana kama "Unallocated". Iache hivyo hivyo bila kuifomati.

Umefanikiwa ikiwa Windows inazimika na kuwaka tena bila malalamiko. Iwashe na kuizima mara mbili ili uwe na uhakika.

## Hatua ya 3: Tengeneza flashi na uiwashe kwa njia sahihi

Thibitisha kwanza kwamba ISO imepakuliwa ikiwa kamili. Kwenye Windows andika:

```
certutil -hashfile linuxmint-22-cinnamon-64bit.iso SHA256
```

Kwenye Linux tumia `sha256sum` ikifuatiwa na jina la faili. Linganisha tarakimu zinazotoka na zile zilizomo katika sha256sum.txt. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Intaneti ya bando hukatika katikati mara nyingi, na ISO yenye kasoro hukubali kuwaka, ikaonekana nzima, kisha ikagoma ikiwa imeshafuta diski.

Andika ISO kwenye flashi kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kunakili faili kwa kuliburuta hakutoshi, kwa kuwa kompyuta haitaitambua flashi hiyo kuwa ya kuwashia.

Zima kompyuta, chomeka flashi, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwashia, ambacho hutofautiana kwa kila mtengenezaji lakini aghalabu ni F12, F9 au Esc. Huenda ukaiona flashi yako mara mbili katika orodha, moja ikiwa imetanguliwa na neno UEFI, yaani mtindo wa kisasa wa kuwasha kompyuta. Chagua hiyo yenye UEFI, kisha "Start Linux Mint".

Eneo-kazi la Mint likitokea, fungua Terminal na uandike:

```
ls /sys/firmware/efi
```

Ukiona orodha ya majina, umeingia kwa UEFI. Ukiambiwa kwamba hakuna folda kama hiyo, umeingia kwa mtindo wa zamani wa BIOS. Zima, rudi, uchague tena. Kompyuta kuukuu zisizo na UEFI kabisa nimeziwekea maelezo yake katika hatua ya sita.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba mtu anayeingia kwa njia moja huku Windows yake ikitumia nyingine huishia na mifumo miwili isiyoonana, akadhani ameharibu diski ilhali mlango tu ndio tofauti.

## Hatua ya 4: Itambue diski yako kwa jina lake

Ukiwa bado katika Terminal, andika:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN
```

Safu ya TRAN ndiyo inayokuokoa. Diski ya ndani itaandikwa sata au nvme, na flashi itaandikwa usb. Katika kompyuta ya mfano wetu diski ya ndani ni sda na flashi ni sdb, lakini usikariri majina hayo, kwa sababu hupangwa kila kompyuta inapowaka na yanaweza kubadilishana nafasi. Diski za NVMe huitwa nvme0n1, na patisheni zake nvme0n1p1, nvme0n1p2 na kuendelea. Mistari inayoanza na loop ni ya mfumo wa majaribio uliomo kwenye flashi, hivyo ipuuze.

Usishtuke ukiona diski ya GB 256 ikiandikwa 238.5G. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1024, na hakuna kilichoibiwa. Programu ya kusakinisha nayo huhesabu kwa elfu kama mtengenezaji, kwa hiyo diski ile ile huko itasomeka kama MB 256060. Andika jina la diski na ukubwa wake kwenye karatasi kwa hesabu zote mbili.

Ikiwa diski ya ndani haionekani kabisa, ingia katika mipangilio ya UEFI uangalie kama imewekwa katika hali ya RAID au Intel RST. Kuibadilisha kuwa AHCI huifanya ionekane, ila usifanye hivyo kienyeji kwenye kompyuta ambayo Windows inabaki, maana Windows ambayo haijaandaliwa kwa badiliko hilo hukataa kuwaka.

## Hatua ya 5: Panga ukubwa kwenye karatasi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mtu anayefika kwenye programu ya kusakinisha bila hesabu mkononi hukisia, na makisio ya diski hulipiwa miezi baadaye. Kwa diski yetu ya MB 256060, mpango ni huu:

- EFI: MB 512
- Mfumo, yaani mzizi, unaoandikwa `/`: MB 60000
- Swapu: MB 8600
- `/home`: zote zinazobaki, takriban MB 187000

EFI. Humu hukaa mafaili madogo ya kuwashia kompyuta. Kama kuna Windows, patisheni hii tayari ipo, mara nyingi ikiwa ya MB 100, na utaitumia hiyo hiyo.

Mzizi. Mint ikishasakinishwa haifiki GB 20, na ndiyo maana watu huona GB 20 zinatosha. Wanachosahau ni kwamba mzizi hukua. Programu za Flatpak, yaani zinazokuja zikiwa zimefungashwa na vyote zinavyohitaji, kwa kawaida huenda /var/lib/flatpak, ambayo iko kwenye mzizi. Kumbukumbu za matukio ya mfumo huwekwa /var/log, na journal, daftari kuu la matukio hayo, peke yake inaruhusiwa kufika GB 4. Kila kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, huja na mamia ya megabaiti, na za zamani hazifutwi hapo hapo. Anayetumia Docker ajue kwamba /var/lib/docker nayo imo humo. Juu ya yote hayo ipo Timeshift, ambayo Mint inakuhimiza kuiwasha na ambayo kwa kawaida huhifadhi nakala za mfumo ndani ya mzizi wenyewe.

Mzizi ukijaa kabisa, dalili yake huwachanganya wengi: unaandika neno la siri sahihi, kioo kinawaka sekunde moja, kisha unarudishwa pale pale pa kuingilia. Mfumo unahitaji kuandika mafaili ya muda ili ufungue eneo-kazi, na hauna pa kuyaandika. Nimeketi na mwalimu mmoja aliyekuwa amebadilisha neno lake la siri mara tatu akidhani amelisahau, kumbe df, amri inayoonyesha nafasi ya diski, ilikuwa inaonyesha asilimia 100 mbele ya mzizi wa GB 20.

Kwa hiyo toa GB 60. Kwa diski ya GB 500 na kuendelea, toa hata 80. Chini ya 40 sipendekezi, hata kama diski ni ya GB 128. Kuupanua mzizi baadaye kunawezekana, lakini patisheni zilizo upande wake wa kulia lazima zisogezwe, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi na inayotaka umeme usiokatika.

Swapu. Hili ni eneo la diski linalosaidia RAM inapojaa. Unayetaka kompyuta ilale usingizi mzito na kuamka na kazi zako zote zikiwa zimefunguliwa, ipe swapu ukubwa usiopungua RAM yako. Usiyehitaji hilo unaweza kuiacha kabisa, kwani programu ya kusakinisha itajitengenezea faili la swapu kwenye mzizi.

/home. Nyaraka, picha, vipakuliwa, barua pepe zilizohifadhiwa na mipangilio ya programu zako vyote huishi humu. Kwa kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ndogo, hii ndiyo patisheni inayostahili jasho lako.

Utasoma kwingine kwamba utenge pia /var, /tmp, /usr na /boot. Kwenye seva kuna sababu nzuri: /var iliyotengwa huzuia kumbukumbu za matukio zisiujaze mzizi, na /tmp huweza kupewa masharti makali ya usalama. /boot huhitajika pale mzizi mzima unapofungwa kwa usimbaji. Kwenye kompyuta mpakato ya mtu mmoja, kila patisheni ya ziada ni ukuta wa ziada. Nafasi itabaki upande mmoja huku upande wa pili ukilia njaa. Ushauri wangu ni kuziacha.

Wenye diski mbili, yaani SSD ndogo na diski kubwa ya kuzunguka, waweke mzizi kwenye SSD na /home kwenye ile kubwa.

## Hatua ya 6: Tengeneza patisheni

Funga programu nyingine, kisha bofya mara mbili ikoni ya "Install Linux Mint". Chagua lugha na kibodi. Ukifika kwenye ukurasa wa "Installation type", usichague "Erase disk and install Linux Mint", kwa sababu chaguo hilo huweka mfumo na mafaili yako katika patisheni moja. Chagua "Something else".

Utaona jedwali lenye diski zote. Linganisha jina na ukubwa na ulivyoandika kwenye karatasi.

Anayefuta diski nzima: bofya mstari wa diski yenyewe, yaani /dev/sda, kisha "New Partition Table…" na ukubali. Mistari yote chini yake itageuka kuwa mmoja unaosema "free space". Anayebakisha Windows: usikiguse kitufe hicho kamwe. Bofya tu mstari wa "free space" ulioupata katika hatua ya pili.

Sasa bofya kitufe cha + na ujaze kila patisheni kwa mpangilio huu, ukirudi kwenye "free space" kila unapomaliza moja:

1. Ukubwa 512, "Use as" iwe "EFI System Partition". Anayebakisha Windows ausahau mstari huu, na ahakikishe kwamba EFI ya Windows haina tiki katika safu ya "Format?". Ikifomatiwa, Windows haitawaka tena.
2. Ukubwa 60000, "Use as" iwe "Ext4 journaling file system", "Mount point", yaani mahali pa kupachikwa, iwe `/`.
3. Ukubwa 8600, "Use as" iwe "swap area". Hii haina mahali pa kupachikwa.
4. Ukubwa uache kama ulivyojazwa, maana ndio mabaki yote. "Use as" iwe Ext4 tena, na "Mount point" iwe `/home`.

Angalia mara mbili mkwaju wa mbele katika /home. Anayeandika home bila mkwaju huo atakataliwa, na anayeandika /Home kwa herufi kubwa atakubaliwa, lakini atapata folda isiyotumiwa na mtu huku mafaili yake yakiendelea kukaa kwenye mzizi.

Chini ya jedwali kuna "Device for boot loader installation". Chagua diski ya ndani nzima, /dev/sda, na usichague flashi. Mara kadhaa nimeitwa kuangalia kompyuta inayowaka flashi ikiwa imechomekwa tu, na sababu ilikuwa mstari huu.

Kwa kompyuta ya BIOS isiyo na UEFI: kabla ya kusakinisha, fungua GParted iliyomo kwenye Mint ya majaribio, utengeneze jedwali la aina ya msdos, kisha uache patisheni ya EFI na utengeneze tatu zinazobaki, zote zikiwa "Primary". Jedwali hilo huruhusu patisheni kuu nne tu, kwa hiyo tatu zinaingia bila shida. Diski inayozidi TB 2 haiwezi kutumika yote kwa jedwali la msdos. Hiyo itahitaji jedwali la aina ya GPT, pamoja na patisheni ndogo ya MB 1 ya aina ya "Reserved BIOS boot area".

## Hatua ya 7: Soma kisanduku cha mwisho neno kwa neno

Mpaka hapa, programu ya kusakinisha haijaandika kitu kwenye diski (waliotumia GParted tu ndio jedwali lao limeshaandikwa). Ukiona umekosea, bofya "Revert" uanze upya, au funga dirisha uondoke salama.

Bofya "Install Now". Kisanduku kitatokea kikiuliza "Write the changes to disks?" na kuorodhesha patisheni zitakazofomatiwa. Kwa mpango wetu inapaswa kuwa na mistari minne: ya kwanza kama ESP, ya pili kama ext4, ya tatu kama swap, ya nne kama ext4, na yote itaje sda.

Isome kwa sauti ukiwa na karatasi mkononi. Ikitaja diski nyingine, au patisheni ambayo hukuipanga, bofya "Go Back". Ukibofya "Continue", hakuna kurudi nyuma.

Baada ya hapo chagua eneo la saa, kisha jaza jina lako la mtumiaji na neno la siri. Andika jina hilo la mtumiaji kwenye karatasi, kwa kuwa utalihitaji katika hatua ya kumi. Utaona pia kisanduku cha kufunga folda ya nyumbani kwa usimbaji. Usikiwekee tiki isipokuwa unajua namna ya kuutunza ufunguo wake, kwa kuwa kitaifanya kazi ya kusakinisha upya kuwa ngumu zaidi.

## Hatua ya 8: Hakikisha kwamba /home imetengwa kweli

Kompyuta ikishawaka bila flashi, fungua Terminal:

```
lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINTS /dev/sda
```

Katika mfano wetu majibu yanafanana na haya:

```
NAME     SIZE FSTYPE MOUNTPOINTS
sda    238.5G
├─sda1   488M vfat   /boot/efi
├─sda2  55.9G ext4   /
├─sda3     8G swap   [SWAP]
└─sda4 174.1G ext4   /home
```

Mstari unaohusika ni ule wa mwisho. Ukiona /home mbele ya patisheni yake yenyewe, umefaulu. Ikiwa haionekani popote, mafaili yako yako kwenye mzizi, na ni afadhali urudie hatua ya sita leo kabla hujaanza kuijaza kompyuta.

Fungua pia /etc/fstab kwa kuisoma tu. Utaona kwamba patisheni zimetajwa kwa UUID, yaani namba ya utambulisho ya kila moja, badala ya sda4. Ndiyo sababu flashi ukiichomeka na majina yakabadilishana, mfumo wako hauyumbi.

## Hatua ya 9: Rudisha nafasi iliyoshikiliwa bure

Ext4, mfumo wa mafaili tuliouchagua, hutenga asilimia 5 ya kila patisheni kwa ajili ya msimamizi wa mfumo peke yake, ili mfumo uendelee kupumua diski ikijaa. Kwa mzizi, hiyo ni busara na usiiguse. Kwa /home yetu, ni zaidi ya GB 9 zinazokaa bila kazi. Ipunguze hadi asilimia 1:

```
sudo tune2fs -m 1 /dev/sda4
```

Amri hii hufanya kazi bila kuzima chochote, na unapata karibu GB 7.5. Angalia `df -h /home` kabla na baada yake, utaona nafasi iliyo wazi ikiongezeka papo hapo.

Ukiwa hapo, fungua Timeshift, na katika sehemu ya "Location" uchague sda4 kuwa mahali pa kuwekea nakala za mfumo. Mzizi utabaki na nafasi, na siku mzizi unapoharibika nakala zitakuwa upande wa pili wa ukuta. Idadi ya nakala iwe ndogo. Mbili za kila siku na mbili za kila wiki zinatosha.

## Hatua ya 10: Siku ya kusakinisha upya

Siku hiyo ndiyo sababu ya kazi yote iliyotangulia, na ndiyo siku watu wanapopoteza mafaili. Nakala ya akiba kwanza, kama katika hatua ya 1. Kisha ingia kwa flashi, chagua "Something else", na safari hii usibofye "New Partition Table…".

Bofya patisheni ya mzizi, sda2, kisha "Change…". Ichague kuwa Ext4, "Mount point" iwe `/`, na uweke tiki ya kufomati.

Bofya sda4, kisha "Change…". Ichague kuwa Ext4, "Mount point" iwe `/home`, na kisanduku cha kufomati kiache kitupu. Ukishabofya OK, tazama safu ya "Format?" kwenye jedwali. Mbele ya sda4 pasiwe na tiki. Kisanduku hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele kwenye kioo, na ndicho kilichofuta zile picha za miaka sita.

EFI iache bila tiki. Bofya "Install Now" na usome orodha ya mwisho: sda4 ikitajwa miongoni mwa zinazofomatiwa, rudi nyuma mara moja.

Tumia jina lile lile la mtumiaji uliloandika kwenye karatasi. Mtumiaji wa kwanza katika Mint hupewa namba 1000, na mafaili yako ya zamani yameandikwa kuwa mali ya namba hiyo, kwa hiyo mfumo mpya utakutambua kuwa mwenye mali bila kuuliza. Ukitumia jina jingine, utapata folda mpya tupu pembeni ya ile ya zamani, jambo linalotisha lakini halijafuta kitu.

Kabla ya kufungua Firefox, sasisha mfumo wote kwanza kwa Update Manager. Mipangilio iliyomo kwenye /home iliandikwa na toleo jipya zaidi ya lile lililomo kwenye flashi, na Firefox ya zamani hukataa kuitumia, ikakupa wasifu mtupu. Programu nyingine ikileta ukaidi wa namna hiyo, tafuta folda yake ndani ya .config, uibadilishe jina badala ya kuifuta, kisha uifungue programu hiyo tena.

Ukifanikiwa, utaandika neno la siri na eneo-kazi litafunguka likiwa na picha ile ile ya ukutani uliyoiacha, nyaraka zikiwa katika folda zake, na Firefox ikiwa na alamisho zako zote, ilhali mfumo ulio chini yake una umri wa dakika ishirini.